Chumvi Inatosha

Jumatatu, 7 Julai

Nimeficha jambo tangu mwaka juzi: ulimi wangu umekufa. Sisikii chumvi, sukari wala pilipili. Ile homa ya mapafu iliondoka na ladha yote. Sasa ninachokula ni moto tu — uji moto, chai moto, supu moto. Hakuna anayejua. Hata daktari sikumwambia.

Baridi imenishika magotini. Blanketi mbili, soksi za sufu, dirisha moja. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua sita. Sijazipiga tangu Aprili.

Jioni binti yangu akaniletea kijiko cha kwanza, kama ilivyo kawaida ya nyumba hii. Marehemu mama yake hakuwa anaonja akipika. Mwonjaji nilikuwa mimi. "Haya, Mkaguzi, chumvi?" Nilikagua shule miaka thelathini, na yeye haachi kunitania. Nikafumba macho, nikatafakari kama mtu mwenye ulimi.

"Inatosha."

Supu ya mifupa, karoti, viazi. Niliinywa yote kwa kumbukumbu.

Jumatano, 9 Julai

Kuna barua kwenye meza ya jikoni. Nimemsikia akimsomea kaka yake kwenye simu. Amepandishwa cheo! Msimamizi wa maabara ya maji — ila ni mji mwingine, safari ya siku nzima. Jibu linatakiwa Ijumaa kabla ofisi hazijafungwa.

Kaka yake alisema maneno marefu. Yeye akajibu: si unamjua Baba, hali chakula cha mtu mwingine. Mwaka jana mkeo alimpikia siku tisa, nusura tumzike.

Nusura mnizike. Nikavuta blanketi hadi masikioni.

Ana miaka arobaini na minne. Zamani alikuwa akiimba bafuni. Sikumbuki aliacha lini.

Alhamisi, 10 Julai

Aibu! Leo mchuzi mzito wa maharage. Kijiko kikaja, swali likaja. Nikasema inatosha, tena barabara. Nikamaliza bakuli.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa amepita kutusalimu. Akatia kijiko kimoja mdomoni, akakimbilia sinki. "Wifi! Umetupikia bahari?" Kumbe binti yangu, mawazo yake yote kwenye barua, alikuwa ametia chumvi mara mbili. Wakacheka hadi wakashikana mabega.

Kisha binti yangu akaja kunibusu kwenye paji la uso. "Umekula yote ili usiniumize. Ah, Baba wewe!"

Nikajifuta mdomo. Mkwe aliliangalia bakuli tupu, akaniangalia mimi. Hakucheka tena.

Ijumaa, 11 Julai

Manyunyu ya baridi tangu asubuhi. Mchana, supu ya dengu. Kijiko kilipofika nilimzuia mkono kabla hajauliza. Nikamwambia: Mama, sisikii chumvi. Sisikii chochote, mwaka wa pili sasa. Akipika yeyote, kwangu ni kile kile. Jibu barua yako, uende.

Nilidhani atapiga kelele. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akapuliza kile kijiko ingawa kilishapoa.

"Kwa hiyo hata ile supu ya wifi, mwaka jana, ungeweza kuinywa?"

"Ningeweza."

"Sasa mbona hukuinywa? Nilikuwa kwenye mafunzo, Baba. Yalibaki majuma matatu tu nimalize. Niliyaacha kwa sababu waliniambia unakufa njaa."

Nikaomba kikohozi kije. Siku zote huja chenyewe, bila kuitwa. Leo hakikuja.

Amesema hana haraka, atalisubiri jibu langu. Amekwenda kuzima jiko, akaacha mlango wazi. Nauona mgongo wake. Naiona barua mezani, na kalamu juu yake. Supu hapa kando yangu bado inatoa moshi.

Ripoti za walimu wa watu niliziandika bila kuficha neno. Basi na hii niiandike kwanza, nimwite, nimsomee, maana nikisema kwa mdomo nitaipamba. Siku zote tisa supu ya mkwe wangu niliimwaga kwenye chungu cha maua hapo dirishani. Ilikuwa moto. Nilikuwa na njaa ya kutetemeka. Nilitaka binti yangu arudi.