Bibi Niliyempita Bila Kumwamkia

Mama, shikamoo.

Huku Mikumi jua kali, mimi na mwanangu tumechoka. Leo kazini kliniki tulipima watoto uzito. Niliwaamkia wazee wote kwenye foleni, ila bibi mmoja wa Kihindi, aliyemshika mkono mjukuu wake, nikampita. Mwenzangu wa ustawi wa jamii akasema, "Hao wana daktari wao, mwache." Na sisi ndio tunaohubiri usawa kila kijiji!

Mwanangu akalia mgongoni. Bibi akasema, "Nipe mimi huyo mtoto, mwanangu, wewe fanya kazi."

"Shikamoo, bibi," nikasema kwa aibu.

"Marahaba."

Nikamwambia mwenzangu, "Mjukuu wake anapimwa sasa hivi." Mtoto alikuwa mwepesi kuliko wote.

Nimechanganyikiwa. Wasalimie Magomeni, nawapenda. Ila niambie, Mama: mtu aliyeniitikia kwa upole vile, nitamwombaje radhi?

Mwanao, Mama Zuhura