Flashi ya Pili na Msumari

Tata,

Nakuandikia, baba yangu, nikiwa kwenye meza yako, chumba kile cha Kashai hapa Bukoba tulimokuwa tukifufua kompyuta za zamani za shule. Kiti chako bado kinalia nikikikalia. Sijakitia mafuta, na sitaki.

Kuna jambo nililifanya baada ya kukuzika, limenikaa moyoni. Nilizitoa kompaila.

Unakumbuka tulivyobishana. Ulitaka kila kompyuta itoke hapa na kompaila zote ndani ya mfumo wake, hizo programu zinazogeuza alichoandika mwanafunzi kuwa kitu kinachofanya kazi. Mimi nikasema diski ni ndogo, zinajaa kabla mtu hajahifadhi hata barua, na wengi wanataka kuchapa tu. Anayetaka ataongeza. Ukacheka huku unamenya ndizi. "Mwanangu, ataongeza kutoka wapi? Kule Muleba shuleni hakuna intaneti. Na kitu cha kuombwa, mtoto mwenye aibu hakipati."

Wiki chache baadaye ukaugua.

Basi nikagawa. Flashi ya kwanza ina mfumo peke yake, mwepesi. Ya pili ina kompaila, kila moja kwenye kifurushi chake, tayari kuwekwa bila intaneti. Nikazipeleka pamoja na kompyuta kwenye ile shule ya Muleba uliyoiahidi. Mashine ziliwaka upesi, Tata, hata ile kongwe uliyoiita Bibi. Nikarudi Bukoba nimefurahi, ila kuna kitu kilinichoma.

Mwezi uliofuata nilienda kuangalia. Nikauliza flashi ya pili iko wapi. Mwalimu wa kompyuta, mama mpole sana, akajibu kwa fahari: "Tumeitunza vizuri, dada. Iko kabatini kwa mkuu wa shule."

Kabati limefungwa. Mkuu kasafiri na ufunguo. Na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiomba.

Nilikusikia kabisa ukicheka.

Nilikuwa na nakala begini. Nikaifunga kwa kamba ya mgomba, nikaazima nyundo kwa fundi wa madawati, nikagonga msumari pembeni ya mlango wa darasa la kompyuta, nikaitundika. Nikawaambia wanafunzi: hii haiombwi, unachukua, unarudisha.

Juzi mwalimu alinipigia simu. Msichana wa kidato cha pili, yule asiyenyoosha mkono darasani, aliichukua mwenyewe, akaweka kompaila kwenye Bibi. Programu yake ya kwanza imeandika salamu ya Kihaya kwenye kioo. Nililia kidogo, halafu nikapika ndizi na maharage, nikala zote.

Kumbe wote wawili tulisema kweli, Tata waitu. Diski zilikuwa ndogo. Na mtoto mwenye aibu yupo.

Jumamosi nakuja kibanjani, shambani kwetu, kuondoa majani makavu ya migomba juu ya kaburi lako. Pumzika, Tata. Nimeshanunua nyundo yangu. Kila shule nitakayokwenda, nitakwenda nayo.

Binti yako,
Jesca