Siku Tisini Ndani ya Chombo Kisichoruka

S.L.P. 61,
Mafinga, Iringa.
14 Agosti 1976

Mpendwa kaka Philbert,

Kamwene. Natumaini unaisoma hii ukiwa umetoka salama, na macho yameanza kuzoea jua. Sisi huku tunapumua. Baridi ya mwaka huu imeunguza maharage yote ya bondeni.

Barua yako ya Mei tuliipata. Nilimsomea mama mara tatu: jinsi mtakavyofungiwa watu watatu siku tisini, huko Urusi, katika chumba kilichotengenezwa kama chombo cha angani, madirisha yakionyesha picha za nyota, maji ya kupimiwa, bila barua wala redio, ili wataalamu waone kama binadamu anaweza kuishi hivyo. Baba alicheka. Mama hakucheka.

Mwishoni mwa Juni mama alipooza upande wa kulia akiwa shambani. Tulimpeleka hospitali ya Tosamaganga kwa lori la mbao. Kila asubuhi aliniuliza kama umeshatua. Nikamweleza kwamba chumba chenyewe hakiruki, kiko chini, ndani ya jengo la chuo. Akaniuliza:

"Kama yuko chini, Rozalia, si afungue mlango aje?"

Nilienda posta ya Iringa nikapeleka telegramu. Siku ya nne chuo chenu kilijibu kwamba wanaweza kukutoa, ila jaribio lote litaharibika, hata kwa wenzako. Wakauliza sisi ndugu tunasemaje. Baba aliishika ile karatasi, kisha akanirudishia.

"Wewe unajua maandishi. Amua wewe."

Wiki ile mama alikuwa ameanza kushika kijiko mwenyewe. Nikajibu wasikwambie.

Alifariki tarehe pili Agosti, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono, ule usiohisi. Tumemzika karibu na bibi. Nilirudi tena posta, nikasimama dirishani, nikashindwa la kuandika. Ulikuwa umebakiza wiki nne, na wa kumwahi hayupo.

Baba hanilaumu. Ukiona vema kulaumu, nilaumu mimi, yeye umwache.

Kila siku nahesabu zilizobaki. Leo ninapoandika, huko ndani wewe bado una mama.

Baba anakusalimu, na shangazi Apolonia, ambaye ndiye anayetupikia sasa. Mungu awe karibu nawe unapoikunja barua hii.

Dada yako akupendaye,
Rozalia