Macho Yangu na Kompyuta ya Stoo

Mpui, Sumbawanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hapo ulipo umekaa jikoni, miwani iko juu ya paji la uso, na unaitafuta miwani hiyohiyo. Miguu inaendeleaje? Mvua ya Tukuyu imewaachia hata siku moja mwanike maharage? Mimi huku ni mzima, ila baridi ya Ufipa haina adabu. Wanafunzi waliopanda kutoka Mtowisa, kwenye joto la bondeni, wanavaa sweta mbili na bado wanatetemeka mstarini.

Kaka ameniambia kwenye simu kwamba mwezi wa saba unakuja na mjomba kunichukua. Kwamba mtu mwenye presha ya macho hawezi tena kazi ya ukatibu, na chumba changu umeshakipaka chokaa. Mama, nililia. Halafu nikakasirika, si unanijua. Sasa nakuandikia ili usikie kutoka kwangu mwenyewe kwa nini naomba uniache hapa.

Ni kweli macho yamepungua. Daktari wa mjini alisema kilichopotea hakirudi, matone yanalinda kilichobaki. Mbele naona, pembeni kumefunga, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Shule ilipoleta kompyuta mpya nikateseka. Skrini inang'aa mpaka machozi yanatoka, na ule mshale wa kipanya nilikuwa nautafuta kama kuku aliyepotelea kwa jirani. Nikiupata, nimeshasahau nilitaka kufanya nini. Ndivyo nilivyoufuta mtihani mzima wa kidato cha pili badala ya kuuhifadhi. Mkuu wa shule ni mtu mpole. Aliniita akasema, "Katibu, pole. Tumalize muhula huu tuone, lakini mitihani ikiharibika tena itabidi nitafute mtu mwingine." Upole wake ndio ulioniumiza.

Nikaenda kujificha stoo, juu ya magunia ya mahindi wanayoleta wazazi. Pale nyuma, chini ya turubai, kulikuwa na kompyuta ya zamani, aina ileile uliyokuwa nayo ofisini kwako ushirika. Nikaichomeka, basi tu. Ikanguruma, ikahesabu hesabu zake, ikatulia. Skrini nyeusi tupu, herufi C, na kile kistari kinachowaka na kuzima, kinasubiri uandike.

Mama, sijui nikuelezeje. Nilikuwa nimekaa Mpui lakini nilinusa ofisi yako. Nilisikia mvua kwenye bati, nikaona viatu vyako vya bluu chini ya meza, pale nilipokuwa nakusubiri baada ya shule. Ulikuwa unaandika amri huku unazitamka polepole, mashine inakujibu mstari kwa mstari, na mimi nilidhani mnazungumza. Vidole vyangu vikaandika dir kabla sijaviambia. Majina ya mafaili yakateremka moja baada ya jingine, nikacheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikakumbuka amri uliyokuwa ukimwandikia meneja wako akisahau miwani, mode 40. Nikaiandika, herufi zikanenepa.

Humo hakuna mshale wa kufukuza wala vipicha vya kubahatisha. Unachotaka unakiandika, na jibu linakuja palepale. Weusi wake hauniumizi macho. Hata nikiyafumba, vidole vinajua njia. Umeme ukikatika, na huku unakatika sana, ukirudi, kompyuta hii imeshaamka wakati zile mpya bado zinajikokota.

Basi nikahamishia kazi stoo. Asubuhi naacha mlango wazi, ukungu unaingia taratibu mpaka kwenye magunia, nami naandika. Feni inavuma, printa ya zamani inakwaruza karatasi, na saa nyingine sijui kama niko macho au naota. Napotea kabisa, hadi kengele ya mapumziko inirudishe. Siku moja mkuu akasimama mlangoni.

"Katibu, hili dude bado linafanya kazi?"

"Linafanya, mkuu. Lilikuwa limelala tu."

"Mimi nilishapanga kuliuza chuma chakavu."

"Basi utuuze wote wawili."

Alicheka mpaka akashika mlango. Mitihani ya muhula imetoka yote, safi, na jana aliniambia nibaki. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa watu wasije wakasema. Sijidanganyi, Mama. Dude hili likifa sijui nani atalifufua Sumbawanga nzima, na macho nayo yataendelea kupungua. Lakini kwa sasa nafanya kazi kwa mikono yangu mwenyewe, naamka nikijua naenda wapi. Barua hii pia imetoka humohumo stoo.

Msalimie sana bibi mzaa baba, mwambie mjukuu wake anakula ugali wa ulezi na amenenepa. Mjomba mwenye gari asinune, safari yake sijaifuta. Kaka na wifi nawasalimu, na yule baba mdogo fundi cherehani mwambie gauni lake limenitosha. Mama Skola, mwenye nyumba wangu, anakuita dada ingawa hajawahi kukuona.

Kwa hiyo usije kunichukua. Ila njoo, Mama. Kazi nimeipatia njia ya kuifanya hata macho yakiisha. Lakini kukuona wewe, hilo sijalipatia njia. Njoo mwezi huo wa saba, ukae nami mlangoni kwenye mwanga, nikuangalie uso vizuri nikiwa bado nauona.

Ni mimi mwanao,
Bupe