Kifaa Chenye Umbea

Mwenzangu, kaa chini. Nikusimulie ya leo.

Tulikuwa tunachagua kifaa cha kurekodi mwendo wa pikipiki ya mashindano. Tukafunga viwili kwa majaribio: kimoja kinarekodi kila kitu mpaka breki, kingine spidi tu.

Mkwe wa bosi, ndiye mwendeshaji wetu, akapanda. Kona ya tatu, chini! Akarudi anachechemea, ananinyooshea kidole mbele ya watu: "Fundi gani huyu? Breki zimekufa!"

Zimekufa! Breki nilizozifunga kwa mikono yangu hii!

Nikafungua rekodi ya kifaa kwenye kompyuta. Mstari wa breki umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, tangu anaingia kona mpaka anagaragara. Hakugusa. HAKUGUSA BREKI!

Bosi akatazama. Akamtazama mkwewe. Halafu, bila hata haya: "Tuchukue hiki cha spidi. Hicho kingine kina umbea."

Umbea! Kifaa!

Kwa hiyo Jumamosi kwenye mashindano akianguka tena, mwenye kosa ni mimi, na hakuna cha kunitetea.

Na unajua kilichonichefua zaidi? Huyo mkwe akanipigapiga begani: "Usijali fundi, nimeshakusamehe."

Kanisamehe, mwenzangu. Mimi.