Kiganja Kinachofuta

9 Februari

Kwako kitindamimba wangu,

Hujambo? Kazi haijambo? Mimi mzima, goti tu linanisumbua ninapopanda ngazi za madarasa ya juu. Baba yako anakohoa kidogo lakini sahani anaimaliza, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nikikupigia utaniambia uko kwenye kikao. Ubao mpya mnaoutengeneza huko kwenu wizarani umefika. Wameung'oa ule wangu mweusi, wakauacha ukuta na matundu ya misumari, kisha wakaweka kioo kikubwa kama mlango wa kabati. Siukatai. Nilipouwasha mara ya kwanza likatokea somo la sehemu, mkate unajikata wenyewe vipande vinne, na yule msichana wa nyuma ambaye tangu aingie darasa la nne sijaisikia sauti yake, akasema "robo" hadi wenzake wakageuka. Nikajua hiyo ni kazi yako. Hata ulipokuwa mdogo ulikuwa unaukata mkate mpaka unabaki makombo.

Taabu ni moja. Nikiandika kwa kidole, unaandika. Nikitaka kufuta, napitisha kiganja kama nilivyofanya maisha yangu yote, na somo zima linaruka. Jana nilitaka kufuta saba, tukajikuta kwenye mifupa ya samaki. Watoto walicheka, na mimi nikacheka. Lakini mtihani wa walimu wa kuutumia ubao huu ni mwezi ujao, na waraka wa wizara unasema atakayeshindwa mara mbili anatolewa darasani. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nataka kuimaliza nikiwa mbele ya watoto. Niambie nifanyeje.

Mama yako

17 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi ni nyingi lakini nalala vizuri. Pole na goti. Mwambie Baba aende hospitali, asijitibu kwa maji ya moto peke yake.

Habari ya mifupa ya samaki nimewasomea wenzangu wa kitengo, tumecheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mama, kufuta kuna alama yake, iko chini upande wa kulia, picha ya kifutio. Unaigusa, kisha unapitisha kidole juu ya kile unachotaka kiondoke. Kiganja usikiguse kwenye kioo kabisa, maana hicho tumekipa kazi ya kufungua somo linalofuata. Ni rahisi sana. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza.

Mwanao

23 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Kikohozi cha baba yako kimepoa. Hospitali hakwenda, unamjua.

Nimeshindwa. Mtahini ni kijana mpole, alikaa dawati la nyuma na kompyuta yake mapajani. Nilianza vizuri, picha ya kifutio nikaigusa mara kadhaa. Kisha watoto wakachangamka, mmoja akauliza swali zuri sana, nikaandika, nikakosea, mkono ukapanda wenyewe. Kiganja chote. Somo likaruka, nikajaribu kulirudisha, likaruka tena, kengele ikalia tukiwa kwenye ramani ya mito. Mwalimu wa sayansi wa chumba cha jirani naye ameanguka vilevile, kwa kosa lilelile.

Sijasahau ulichoniambia. Nikiufikiria mkono, somo linanitoka. Nikilifikiria somo, mkono unarudi kwao. Huyo mtoto wako wa darasa la kwanza hajawahi kufuta ubao wa chaki, ndiyo maana anaweza.

Mtihani wa pili ni Julai. Nitaufanya.

Mama

2 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imeninyima raha. Nimelia chooni kazini, kisha nikanawa uso nikaenda kwa mkuu wangu.

Nimemweleza yote, na amekubali. Shule yenu inahitaji mtu wa kutunza stoo ya vitabu na vifaa. Mshahara ni uleule, hakuna ngazi za kupanda, hakuna mtihani. Utakaa kwenye kiti chako, goti lipumzike, mpaka siku ya kustaafu. Mama, umeshafanya kazi ya kutosha. Sema ndiyo tu, mengine niachie mimi.

Mwanao anayekupenda

8 Aprili

Mwanangu,

Salamu nimezipata. Sisi wazima.

Umenitafutia stoo. Nimekaa na barua yako tangu asubuhi nikitafuta namna ya kuisoma ili nisikasirike, sijaipata. Ulipokuwa huwezi kutofautisha b na d, na shangazi zako wote wamekata tamaa, nilikupeleka stoo? Nilikaa na wewe jikoni mpaka ukaweza, ukilia na mimi nikikaza.

Nenda kamwambie mkuu wako kwamba mama yako amekataa. Na usiniandikie mpaka nikuandikie mimi.

Mwalimu wa darasa la nne

19 Julai

Kitindamimba wangu,

Hujambo mwanangu? Umekonda? Miezi yote hii hukuandika. Nilijua utatii, na nimekasirika kwamba umetii.

Nimefaulu.

Nikueleze. Muhula mzima niliwaambia watoto wakiona kiganja kinapanda wapige kelele. Basi likawa ni darasa la makelele, "Kiganja, Mwalimu!" mpaka mwalimu mkuu akaja kuuliza kuna nini. Ilisaidia, lakini siku ya mtihani hawaruhusiwi kunikumbusha. Nikakumbuka ile glavu ya sufu ya baba yako ya enzi alipokuwa mlinzi wa usiku. Nikaikata ncha ya kidole cha shahada. Kidole kinaandika, na kiganja kikigusa, kioo hakina habari. Baba yako aliiangalia glavu yake akasema nimeilemaza, kisha akaishona pindo mwenyewe isifumuke.

Mtahini aliniuliza kama mkono unauma. Nikamwambia, "Mkono mzima, mwanangu, una mazoea tu." Kiganja kilipanda kama kawaida yake, na somo halikutikisika. Watoto walikuwa wamejiziba midomo.

Glavu nyingine nilimpa mwalimu wa sayansi. Alikataa, akasema hawezi kuingia darasani kama muuza mkaa. Ameanguka mara ya pili. Ile stoo yako ndimo alimo sasa, anahesabu maboksi. Saa ya sayansi anatoka, anasimama mlangoni kwangu anasikiliza, halafu anarudi. Sipendi kumtazama, mwanangu. Kile kioo sasa nakiweza, na tena nakipenda, lakini yule mtu anajua kufundisha.

Nakutumia glavu yangu. Iweke mbele ya hao wanaosema ni rahisi.

Mama yako

11 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Hongera, na unisamehe kwa stoo. Sijakonda.

Glavu niliiweka juu ya meza ya kikao. Walicheka, nikasubiri wamalize. Kisha nikaomba tuangalie kumbukumbu za mitihani, maana ubao unahifadhi kila mguso. Tumekaa nazo wiki nzima, chumba kizima kimenuka kahawa. Zaidi ya nusu ya walimu walioanguka, somo liliwaruka pale kiganja kilipogusa kioo, tena wengi wao ni wa umri wako. Mama, kazi ya kile kiganja niliipanga mimi. Nilidhani nawarahisishia.

Mkuu amesema programu imeshapitishwa, kubadilisha ni gharama, tungoje mwaka kesho. Nimerudi kwake mara ya pili, ya tatu, na glavu mkononi. Mara ya mwisho nilimwambia kama wale walimu ni wa stoo, basi na mimi nitafutiwe stoo. Alinitazama sana, akaniuliza nimerithi wapi ukaidi huu. Nikamwambia kwa mwalimu wangu wa kwanza.

Amesaini. Likizo ikiisha, kiganja kitafuta. Na wote walioanguka watapimwa upya.

Mwanao mkaidi

6 Oktoba

Kwako mkaidi wangu,

Hujambo? Goti limetulia. Baba yako ameuliza glavu yake itarudi lini, nimemwambia iko serikalini.

Juzi niliandika saba kwa makusudi mahali pasipostahili saba, nikapitisha kiganja, ikafutika. Nikaandika nyingine nikafuta, kisha nikafuta mahali pasipo na kitu, mpaka yule msichana wa nyuma, ambaye siku hizi hanyamazi, akaniuliza, "Mwalimu, leo tunasoma nini?"

Mwalimu wa sayansi alipimwa jana. Nilikuwa chumba cha pili, nimewapa watoto kazi ya kimya, sikio langu liko ukutani. Nilimsikia akiandika na kueleza, kisha pakawa kimya kidogo, nikajua anafuta. Halafu nikasikia sauti yake inaendelea na somo lilelile.

Leo nimepita stoo kuchukua karatasi. Nimekuta vitabu, maboksi na mifagio, na kiti kitupu.

Mama yako, Mwalimu