Ekari Mia na Arobaini Bila Mbwa

Barabara ya Black Creek,
South Carolina.
Jumanne, 17 Juni

Kaka Ezell,

Tarehe mosi mwezi huu tulipoteza ekari elfu tatu na mia mbili za kuwindia, wewe na mimi na wenzetu wote wa klabu, na hadi leo hakuna aliyelitaja jambo hilo kwa jina lake. Wengine wanasema kampuni ya mbao imetusimamisha. Wardell anasema tumepumzishwa. Mimi nasema tumetolewa. Tumeukodi msitu ule miaka thelathini na moja, madaktari wa Atlanta wakaja na bei mara mbili ya yetu, basi, yakaisha.

Baada ya hayo, pokea salamu zangu. Natumai mguu umepungua uvimbe na Shemeji Clarice bado anakunyima chumvi, maana wewe usipochungwa unajua unavyokula. Sisi hapa hatujambo. Vernelle wangu anasema sufuria yenu kubwa ya pilau iko kwetu tangu Pasaka na hana haraka nayo. Malori yangu yote manne ya kunyonya vyoo yanatembea. Joto limeanza, matangi ya vyoo yanafurika, na wale wanaoicheka kazi yangu wakiwa kanisani ndio wanaomtafuta Vernelle kwenye simu kabla ya staftahi.

Sikupenda ulivyonijibu Jumamosi tulipokuwa tunang'oa jiko la klabu. Nilisema nimeona shamba linauzwa. Wewe ukaniuliza mbele ya wote kama nataka tupande ngazi, tukae ndani ya sanduku la kuvizia juu ya mti kama kuku wa mayai, tumsubiri kulungu aje kutuamkia. Wardell akadakia kwamba sanduku litanifaa mimi hasa, kwa kuwa lina mahali pa kulaza kichwa, na akaonyesha kidole ukutani, pale mlipolipigilia msumari pindo la shati langu mlilolikata Novemba, pamoja na mapindo ya kila mtu aliyewahi kumkosa mnyama. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilikuja na hesabu mfukoni na hakuna aliyeniuliza hesabu. Ndivyo ilivyo tangu Baba alipofariki. Mbwa walikuja kwako, uenyekiti ukaja kwako, mimi nikaambiwa nina malori.

Basi hesabu nakupa humu, ambamo huwezi kunikatiza.

Shamba ni la Bi Lottie Rivers, yule mjane wa ng'ambo ya daraja. Ni ekari mia moja na arobaini. Mia ni misonobari ya miaka sita, na arobaini zilizobaki ni bonde la maji lenye mialoni mizee. Nimelizunguka lote kwa miguu mara mbili. Kule bondeni njia za kulungu zimechimbika kama mifereji, na magome ya miti yamechunwa na pembe kimo cha kiuno changu, kwa hiyo madume wapo, na si wadogo. Anataka dola elfu mbili na mia nne kwa ekari. Jumla ni laki tatu na thelathini na sita elfu. Benki ya wakulima inataka tutangulize asilimia ishirini, yaani elfu sitini na saba na mia mbili. Mimi ninazo elfu arobaini na tano. Kwako nataka elfu ishirini na mbili na mia mbili, ambazo najua unazo, kwa sababu hujawahi kununua kitu zaidi ya mbwa na gari la kubebea mbwa.

Marejesho ni elfu mbili na themanini na nne kila mwezi. Mimi nitalipa theluthi mbili, na fungu lako ni kama mia saba. Kabla hujakohoa, jiulize mbwa kumi na tisa wanakula nini. Ni magunia kumi na tano kwa mwezi, dola thelathini gunia. Ongeza daktari wa mifugo, ile mikanda ya shingo yenye redio, na mafuta ya kuwatafuta usiku kucha wakipotelea kaunti ya pili. Hiyo ni mia saba, Kaka, nawe umeilipa miaka yote bila kumiliki hata mti wa kuegemea.

Sasa nakuja kwenye lile unalolijua tayari, ambalo ndilo lililokufanya unicheke. Kwenye ekari mia na arobaini hatuwezi kuachilia mbwa. Bi Lottie aliniambia hivyo kabla sijamwambia. Tulikuwa tumesimama langoni kwake, naye amevaa viatu vya mpira vya marehemu mumewe. Akaniuliza kama mimi si ndugu yake yule Gethers wa mbwa. Nikakubali. Akasema, "Mwanangu, kulungu atalivuka shamba langu kabla hujamaliza kuwasha sigara, na mbwa wa kaka yako hawasomi mabango." Mashariki shamba limepakana na msitu wa hao madaktari. Magharibi yuko bwana anayefuga kware, na ameshaapa kwamba mbwa atakayeingia kwake atamfunga na kuita askari wa wanyamapori. Nilimwambia Bi Lottie kwamba mimi sivuti sigara. Akasema ndiyo maana ananiuzia mimi. Sababu yenyewe, nadhani, ni Krismasi ile tangi lake lilipofurika na wajukuu wamejaa nyumbani, nikaenda peke yangu na lori usiku wa mkesha. Mtu kutoka Atlanta amempa bei ya juu zaidi yangu. Lakini ameahidi kunisubiri hadi Jumamosi hii.

Najua ninachokuomba. Sikuombi uuze mbwa kama mtu anayeuza matrekta. Nimezungumza na klabu ya ng'ambo ya mto. Wana ekari elfu nne na mbwa wao ni wabovu, na wewe mwenyewe umesema mara nyingi kwamba wanamfukuza kulungu kama watu wanaokimbilia basi lililokwisha kuondoka. Watawapokea mbwa kumi na wawili na watakukaribisha kama mgeni wao siku yoyote. Wale wazee saba wabaki uani kwako wafie nyumbani, Jubal akiwa wa kwanza. Gharama ya chakula chao tutagawana. Ukiwaweka wote kumi na tisa kwenye vizimba msimu mzima bila msitu, Kaka, watakuwa wafungwa, na mlinzi wa jela utakuwa wewe.

Nilitaka barua hii iishie hapo, kwa sababu kila nililoandika ni kweli na hesabu zote zimekaa sawa. Vernelle ameisoma. Amesema ni barua nzuri ya mwongo, na kwamba nisipoandika lililobaki ataliandika yeye.

Novemba ile sikulala, Kaka. Nilikuwa macho kwenye lindo langu pale penye njia panda, bunduki mkononi, nikitazama upande wa kinamasi kama ulivyoniagiza. Yule dume alipita nyuma yangu, hatua chache tu, Jubal akiwa visiginoni pake na kundi zima likifuata. Wardell aliona kila kitu kutoka ng'ambo ya barabara. Anasema mbwa walikuwa wanalia hata angeamka aliye kaburini. Mimi sikusikia hata mmoja. Nilijua wamepita nilipogeuka nikaona nyayo zao matopeni.

Ni msimu wa tatu sasa tangu masikio yaanze kufifia. Kelele za pampu za malori zimenimaliza. Daktari wa Charleston anasema sikio la kulia limekwisha, na la kushoto linasikia mtu aliyekaa karibu, tena kwa kifaa. Mbwa walio nusu maili hakuna kifaa kitakachowaleta. Unakumbuka Baba alivyokuwa akitusimamisha barazani alfajiri, anatuuliza mbwa yupi anaongoza na yupi anadanganya, nasi tunawataja kwa sauti zao mmoja mmoja. Misimu mitatu nimekuwa nikiutazama uso wako nijue msako umefika wapi. Ukitabasamu nami natabasamu. Mlipolikata shati langu na kuniita msinziaji, nilishukuru. Mtu anaweza kuishi na jina la msinziaji.

Ndiyo maana nakuandikia barua wewe unayekaa maili kumi na moja tu kutoka kwangu. Kwenye simu huwa nasema sawa, sawa, bila kujua nimekubali nini.

Kwa hiyo nikisema sitaki mbwa, ujue sina dharau nao. Kuwinda kwa masikio kumenitoka. Macho ninayo bado, na mkono haujatetemeka. Kwenye bonde la Bi Lottie nitakaa kimya nione mnyama akija, nimpige sawasawa. Lakini asiyesikia hapaswi kuwa msituni peke yake na watu wengine wenye bunduki. Anahitaji mtu wa kumgusa bega. Sitamwomba Wardell. Wala sitaomba mtu mwingine yeyote.

Nisalimie Shemeji Clarice na vijana, na Mama mkwe wako nikumbushie kwamba tangi lake limefika wakati wake. Vernelle naye anawasalimu wote.

Jumamosi saa sita mchana nitakuwa langoni kwa Bi Lottie na hundi. Sitaki utume mtu, wala usiniambie utalifikiria. Njoo mwenyewe usimame mbele yangu, useme ndiyo au hapana kwa sauti, nikiuona mdomo wako. Ukisema hapana nitauza lori la nne na kulinunua shamba peke yangu, maana kununua nitanunua. Bi Lottie anataka kujua hati iandikwe jina moja au mawili, nami nataka kujua hilo hilo, Jumamosi, saa sita.

Mdogo wako,
Lucious Gethers